Kiitikio Kinauzwa, Beti Zinabaki: Zilipendwa Zinavyogeuka Vichekesho kwenye Matangazo ya Runinga

Mwanzoni mwa 2004, mwimbaji Mmarekani Johnny Cash na mkewe June Carter wakiwa hawajatimiza mwaka kaburini, watengenezaji wa matangazo kutoka Florida walikuwa na dawa ya bawasiri ya kutangaza na wanatafuta wimbo. Wakaupata: "Ring of Fire", pete ya moto, kibao cha Cash cha 1963 ambacho Mmarekani wa rika fulani ukimwamsha usiku wa manane atakiimba bila kukosea. Mtu anatumbukia kwenye duara la moto, anazidi kushuka, na miali inazidi kupanda. Sina haja ya kueleza zaidi. Aliyewahi kuugua bawasiri ameshaelewa, na ambaye hajaugua ameshacheka.

Wimbo ule una watunzi wawili, June Carter na Merle Kilgore. Kilgore alikuwa bado hai, na yeye aliliona jambo lenyewe kuwa la kuchekesha, hakuwa na kinyongo nalo. Upande wa familia haukucheka. Rosanne Cash, binti wa Johnny, alisema hadharani kwamba wimbo unahusu mapenzi na namna yanavyombadilisha mtu, na kwamba hawatakubali udhalilishwe hivyo. Tangazo likaishia hapo.

Kisa hiki nimekiweka mbele kwa sababu kina viungo vyote vya mada hii: wimbo mzito, bidhaa isiyo na heshima sana, maneno machache yanayoangukia pabaya, na mabishano ya nani mwenye kauli. Watu wengi wakiona zilipendwa zimebandikwa kwenye tangazo la gari au viatu hudhani waliotengeneza hawakuusikiliza wimbo. Wameusikiliza, tena mara nyingi kuliko wewe. Ila walichonunua ni kiitikio pamoja na kumbukumbu zinazokiandama. Beti waliziacha palepale walipozikuta, na kicheko kinatoka kwa msikilizaji anayezijua.

Tuanze na mwenye kauli, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zilizofungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani kwenye studio fulani. Mali hizi mbili mara nyingi zina wenyewe tofauti. Kampuni ikitaka wimbo kwenye tangazo lake na sauti ileile uliyoizoea, inapaswa kubisha hodi milango miwili na kulipa kote kuwili. Ikitaka utunzi tu, uimbwe na mtu mwingine, inabisha mlango mmoja. Na mwimbaji ambaye uso wake ndio uliobandikwa ukutani kwako, kama hakutunga na rekodi si yake, anaweza asiwe na mlango hata mmoja. Atausikia wimbo wake kwenye tangazo siku moja na wewe.

Afrika Mashariki somo hili la haki liliingia kwa kishindo kupitia simu. Mwaka 2016 mahakama ya wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliiamuru kampuni ya Tigo iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Ghafla hata vijana wa vijiweni wakawa wanajadili hakimiliki. Huko Marekani mjadala kama huo ulikuwa umeshawaka karibu miaka 30 nyuma, na ulianzia kwenye raba.

Mwaka 1987 Nike walikuwa wanatoa kiatu kipya chenye kidirisha cha hewa kwenye soli. Wakataka wimbo wa kuonyesha kwamba hayo ni mapinduzi. Wakachukua "Revolution" ya Beatles, ya mwaka 1968, na si kwa sauti ya kuigiza: ni John Lennon mwenyewe na gitaa lile linalokwaruza, juu ya picha za rangi nyeusi na nyeupe za John McEnroe, Michael Jordan na watu wa kawaida wakikimbia mitaani. Walipataje? Utunzi wa Lennon na McCartney ulikuwa umeshawatoka mikononi tangu 1969, na mwaka 1985 ukanunuliwa na Michael Jackson pamoja na orodha nzima ya kampuni ya ATV kwa dola milioni 47.5. Inajulikana kwamba aliyemfungua macho Jackson kuhusu faida ya kumiliki nyimbo za wengine ni Paul McCartney mwenyewe. Rekodi nazo zilikuwa kwa EMI na kampuni yake tanzu ya Capitol. Nike wakabisha milango yote miwili, wakafunguliwa yote miwili.

Beatles waliokuwa hai, kupitia kampuni yao ya Apple Corps, wakashtaki wakidai dola milioni 15. Capitol wakajibu kwamba shauri halina msingi kwa sababu matumizi yale yaliungwa mkono na Yoko Ono, mjane wa Lennon. Sasa hapo kaa vizuri: Yoko Ono alikuwa mwanahisa na mkurugenzi wa Apple, kampuni iliyoshtaki. Mwaka 1989 wakayamaliza nje ya mahakama, kimyakimya.

Lakini mimi kinachonichekesha zaidi ni kitu kingine. Mashabiki walikasirika kwamba wimbo wa mapinduzi umegeuzwa wimbo wa viatu. Wimbo wenyewe, ukiusikiliza beti kwa beti, ni wa mtu anayeyatilia shaka mapinduzi. Lennon anawaambia vijana wa 1968 kwamba kama mnataka kubomoa, mimi msinihesabu. Nike walisikia kiitikio. Waliokasirika nao, wengi wao, walisikia kiitikio. Aliyekuwa kwenye beti alikuwa Lennon peke yake, naye alishafariki.

Mtu wa pwani aliyekulia kwenye taarabu hatashangaa sana. Ukumbini mwimbaji anaimba wimbo mrefu, una mafumbo yake, una mtu wake. Mara mama mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza kwenye ubeti mmoja tu, huku jicho limeelekezwa kwenye meza ya tatu. Kuanzia hapo ubeti ule si wa mtunzi tena, ni wa mama yule na wa yule aliyeko meza ya tatu. Mtunzi alikuwa anazungumzia nini, hakuna anayeuliza. Wakala wa matangazo anafanya vivyo hivyo kwa mkoba mnene zaidi: anainuka kwenye mstari unaomfaa, anatunza, anaondoka nao. Tofauti ni kwamba ukumbini kila mtu ameusikia wimbo wote, kwa hiyo kijembe kinafika. Kwenye runinga umekatiwa sekunde 30.

Na hizo sekunde 30 ndizo zinazotoa vichekesho vizuri kuliko vyote. Wimbo wa dakika tatu na nusu hauwezi kuingia, lazima mkasi upite. Swali ni mkasi unapita wapi.

Chukua tangazo la jinzi za Wrangler mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walitumia "Fortunate Son" ya Creedence Clearwater Revival, ya mwaka 1969. Mwanzo wa wimbo unasema kuna watu waliozaliwa kupeperusha bendera, wekundu, weupe na bluu. Tangazo likachukua mistari hiyo pamoja na picha za Wamarekani wachapakazi ndani ya jinzi, likakata papo hapo. Anayeujua wimbo anajua kilichokuwa kinafuata. Bendi ikishapiga ule wimbo wa heshima wa kumpokea rais, mzinga unakuelekea wewe, na mwimbaji anaanza kupiga kelele kwamba yeye si mtoto wa seneta, si mtoto wa milionea, kwa hiyo yeye ndiye wa kupelekwa vitani Vietnam. Ni moja ya nyimbo zenye hasira kali kuliko zote dhidi ya vita ile na dhidi ya wanaojificha nyuma ya bendera. Mkasi uliwekwa baina ya bendera na mzinga, na wimbo wa kulaani uzalendo wa uongo ukatoka upande wa pili ukiwa wimbo wa kizalendo wa kuuzia suruali. John Fogerty, aliyeutunga na kuuimba, alilalamika waziwazi. Hakuwa na la kufanya, haki hazikuwa zake.

Halafu kuna Royal Caribbean, kampuni ya meli za kitalii. Kwa miaka kadhaa matangazo yao yalibebwa na "Lust for Life", ambao Iggy Pop aliutunga pamoja na David Bowie na kuutoa mwaka 1977. Ngoma zake zinadunda kweli, huwezi kukaa kitini. Kwenye tangazo unaona baba, mama na watoto wenye meno meupe: huyu anapanda ukuta wa mazoezi, yule anateleza majini, babu anacheka. Tamaa ya maisha! Wimbo wenyewe unafungua kwa mtu anayerejea na pombe na dawa za kulevya, na unaendelea kwa mambo ambayo nisingependa kuyaeleza mbele ya wakwe. Mistari hiyo, bila shaka, haikupanda melini. Kilichopanda ni maneno matatu ya kiitikio na ngoma. Wamarekani wa rika la Iggy Pop walikuwa wakiliona tangazo lile wanatazamana, maana wao ubongo uliwajazia mashimo yote.

Microsoft nao, Agosti 1995, walizindua Windows 95 kwa "Start Me Up" ya Rolling Stones. Programu ilikuwa na kitufe kipya kilichoandikwa Start, hivyo mantiki haikuhitaji mtaalamu. Kiasi kinachotajwa mara nyingi kuwa walilipwa ni dola milioni 3. Ila wimbo ule una mstari unaorudiwa kuhusu mwanaume mzima anayelizwa, na mstari huo haukuchukuliwa. Watu wa kompyuta hawakuhitaji kukumbushwa. Kila mashine ilipogoma na kazi ya siku nzima kupotea kabla hujaihifadhi, kuna mtu ofisini aliuimba mstari uliobaki. Huo utani ulidumu kuliko kampeni.

Si kila mara utani unamtoroka mtangazaji. Wapo walioushika kwa mikono miwili, na mfano ninaoupenda ni wimbo mmoja uliouza bidhaa mbili zisizohusiana karibu kwa wakati mmoja.

"I Heard It Through the Grapevine", ambao Norman Whitfield na Barrett Strong waliutunga na Marvin Gaye akaufanya wa dunia nzima mwaka 1968, ni wimbo wa mwanaume anayeelekea kuvunjika. Amesikia kwa wambea kwamba mpenzi wake ana mpango wa kumwacha na kumrudia wa zamani. Hakuna la kufurahisha hapo hata kidogo. Desemba 1985 Levi's wakautumia Uingereza. Kijana mrembo, Nick Kamen, anaingia kwa wafua nguo wa mashine za kulipia, anavua miwani, anavua fulana, anavua jinzi, anavitia vyote kwenye mashine, anakaa na kusoma akiwa na bukta nyeupe huku akina mama na wasichana wanamkodolea macho. Inasimuliwa kwamba bukta iliingia kwa sababu wakaguzi wa matangazo wasingepitisha chupi ya kawaida, na kwamba mauzo ya bukta yakapanda pamoja na ya jinzi. Wimbo haukuwa rekodi ya Gaye. Uliimbwa upya na mtu mwingine, yaani ule mlango mmoja niliousema. Lakini watu walikwenda kununua ya Gaye, nayo mwaka 1986 ikarudi ndani ya kumi bora za Uingereza, ikiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1987 Levi's walirudia dawa ileile, "Stand By Me" ya Ben E. King ikashika namba moja Uingereza na "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge ikaifuata namba mbili. Wazee wale walikuwa wameshazoea kuitwa zilipendwa.

Sasa vuka bahari. Mwaka 1986 wakulima wa zabibu kavu wa California walikuwa na tatizo: zabibu kavu hazina mvuto, ni kitu mama anachokutilia kwenye mfuko wa shule. Kwa Kiingereza umbea husemwa kuwa umepita kwenye mzabibu. Basi mafundi wa studio ya Will Vinton wakafinyanga zabibu kavu za udongo, wakazivisha miwani meusi na glavu nyeupe, wakazipa miguu, na zikaanza kucheza kwa mpangilio kama kundi la Motown, Buddy Miles akiziimbia. Mwanaume anayeachwa akageuka zabibu yenye makunyanzi inayojivunia ilikotoka. Hapa kicheko hakikuponyoka kwa bahati mbaya, kilipangwa mpaka kwenye visigino. Zabibu zile zilipata albamu, midoli na kipindi cha katuni. Hakuna aliyelalamika kwamba huzuni ya wimbo imekanyagwa, pengine kwa sababu tangazo halikujifanya lina hadhi kuliko bidhaa yake. Wrangler walijifanya wazalendo, Nike walijifanya wanamapinduzi. Zabibu zilijifanya zabibu.

Je, msanii akikataa? Hapo mambo hugeuka mchezo wa kuigiza, kwa maana zote mbili.

Mwaka 1985 wakala wa Ford, Young & Rubicam, walimtaka Bette Midler aimbe "Do You Want to Dance" kwenye tangazo la magari. Walishapata ruhusa ya utunzi. Midler, kupitia wakala wake, akasema hapana. Wakamtafuta Ula Hedwig, aliyekuwa akimwitikia Midler jukwaani kwa miaka mingi, wakamwagiza aimbe afanane naye kadiri awezavyo. Alifanana mno. Marafiki wa Midler walidhani ni yeye. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema mwaka 1988 kwamba sauti inayojulikana na ambayo ni utambulisho wa mtu haiwezi kuigizwa makusudi ili kuuzia bidhaa, na mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama likamwandikia dola 400,000.

Ungedhani somo limeeleweka. Lakini mwaka huohuo wa 1988, wakala wa Frito-Lay walikuwa wanatangaza chipsi mpya za Doritos, wakavutiwa na wimbo wa Tom Waits wa 1976 uitwao "Step Right Up". Wimbo huu ni nini? Ni kejeli ya matangazo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waits anabweka kama mchuuzi wa dawa za mitishamba stendi: kinasafisha, kinapunguza uzito, kinakutafutia kazi, njooni, njooni, na maandishi makubwa yanatoa, madogo yananyang'anya. Yaani katika nyimbo zote duniani, wakala akachagua wimbo unaomcheka wakala.

Waits alijulikana kwa kutofanya matangazo, na alishalisema hilo kwa sauti. Kwa hiyo wakamchukua mwimbaji wa Dallas, Stephen Carter, ambaye kwa miaka mingi aliimba nyimbo za Waits kwenye bendi yake na aliuweza ule mkwaruzo wa sauti iliyolala kwenye moshi na wiski. Carter mwenyewe aliwaonya kwamba Waits hapendi mambo haya. Mwanasheria naye alisema kuna hatari. Wakarekodi toleo la pili lisilofanana sana, wakampelekea mteja yote mawili achague. Mteja akachagua lililofanana. Siku tangazo linarushwa, Waits alikuwa kwenye kituo cha redio Los Angeles kwa ajili ya mahojiano, akasikia sauti yake inasifia chipsi ambazo hajawahi kuzisifia. Mahakamani ilikuja kugharimu dola 375,000 za fidia, dola milioni 2 za adhabu, na gharama za mawakili juu yake. Mahakama ya rufaa ikayathibitisha hayo mwaka 1992. Ni mzaha ghali, lakini kama kuna mtunzi aliyewahi kuthibitishwa na tukio kwamba kejeli yake ilikuwa sahihi, basi ni huyu.

Wimbo wa kejeli ukiruhusiwa kihalali kabisa unaweza kuishia kwenye kinyume chake, bila kesi wala kelele. Tarehe 1 Oktoba 1970 Janis Joplin alisimama mbele ya kinasa sauti bila ala yoyote. Akatangaza kwa uzito wa kujifanya kwamba anaimba wimbo wenye maana kubwa kwa jamii na siasa, kisha akamwomba Mungu amnunulie Mercedes Benz. Marafiki zake wote wana Porsche, anasema, naye afidiwe. Anaendelea kuomba runinga ya rangi, anaomba kulipiwa usiku mmoja wa starehe, anamaliza kwa kicheko cha kukwaruza. Siku tatu baadaye alifariki, akiwa na miaka 27. Ni wimbo wa kuwacheka wanaodhani maisha ni vitu, na mtoto mdogo angeliona hilo. Mwaka 1995 Mercedes wakautumia kutangaza magari yao. Ukiwatazama kwa makini, walichosikia ni mteja anayeomba bidhaa kwa jina. Joplin mwenyewe aliendesha Porsche, iliyochorwa rangi kila mahali, na mwaka 2015 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.76.

Wasanii walio hai nao walibadilika. Zamani kukubali tangazo kulionwa kama kuuza utu, ingawa hata miaka hiyo waliokuwa na njaa hawakukataa: Rolling Stones haohao, mwaka 1964, waliimba tangazo la kifungua kinywa cha Rice Krispies. Baadaye mauzo ya santuri na CD yakaanza kudorora, redio zikabana, na tangazo likageuka redio mpya. Moby alitoa albamu yake "Play" mwaka 1999, na nyimbo zote 18 zikapata leseni za kutumika kwenye filamu, vipindi au matangazo. Mwaka huohuo Volkswagen wakaweka "Pink Moon" ya Nick Drake chini ya picha za vijana wanne ndani ya gari la wazi usiku, wanafika kwenye sherehe, wanatazamana, wanageuza. Drake alikufa mwaka 1974 akiwa hajulikani. Baada ya tangazo watu walijaa madukani kuitafuta albamu yake. Hapo sioni cha kucheka, na nadhani ni kwa sababu walimwacha aimbe bila kumkatia neno mahali pabaya.

Bob Dylan ndiye anayeuchezea mchezo huu vizuri kuliko wote, ama kwa makusudi au kwa kudra. Mwaka 1994 wimbo wake "The Times They Are a-Changin'", uliokuwa kama wito wa kuwahamisha wakubwa njiani, ulitumika kutangaza kampuni ya wahasibu, Coopers & Lybrand. Miaka miwili baadaye ukaipamba benki ya Montreal. Nyakati zinabadilika kweli, hata mahesabu yanafungwa. Kisha mwaka 2004 Dylan akatokea mwenyewe, na masharubu yake na kofia, kwenye tangazo la nguo za ndani za Victoria's Secret, wimbo ukiwa "Love Sick", wa mtu aliyechoshwa na mapenzi mpaka yanamtia ugonjwa. Walimwengu wakapiga kelele. Hapo ndipo mtu akafukua mkutano na waandishi wa habari wa San Francisco wa Desemba 1965, ambapo kijana Dylan aliulizwa: ukija kujiuza kwa biashara, utachagua biashara gani? Akajibu: mavazi ya kike. Alitimiza kauli yake, akachelewa miaka 39 tu.

Hivi sasa mlango wa utunzi unahamia kwa watu wa aina nyingine kabisa. Dylan aliuza tungo zake kwa Universal mwaka 2020, Bruce Springsteen akauza zake kwa Sony mwaka uliofuata. Huyu Springsteen ni yuleyule ambaye katikati ya miaka ya 1980 alikataa mamilioni ya Chrysler waliotaka "Born in the U.S.A.", wimbo mwingine ambao wengi wanaujua kwa kiitikio cha kujipiga kifua na hawazijui beti za askari anayerudi Vietnam akakosa kazi. Fogerty amekwenda njia ya kinyume: Januari 2023, baada ya karibu nusu karne ya ugomvi, alinunua sehemu kubwa ya haki za tungo zake za Creedence. Wrangler wakitaka kurudi, sasa watabisha kwake.

Na yuko Neil Young. Mwaka 1988 alitoa wimbo wa kuwacheka wanamuziki wanaoimbia bia na soda. MTV waliikataa video yake kwanza, halafu mwaka uliofuata wakaipa tuzo ya video bora ya mwaka, kichekesho kingine hicho. Januari 2021 aliuza nusu ya haki za tungo zake kwa mfuko wa uwekezaji wa Hipgnosis. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anawaza jambo moja, mwanzilishi wa mfuko, Merck Mercuriadis, alilijibu kabla hajaulizwa: haitatokea hata siku moja "Heart of Gold", moyo wa dhahabu, igeuke baga ya dhahabu. Mwaka 2024 mfuko ule ulinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone, na Mercuriadis akang'atuka kwenye uongozi mwaka huohuo. Kwa hiyo mwenye baga zake, kama ana wazo, ajue tu kwamba yule aliyesema hapana hayupo tena mapokezi.